Gari Lako Limeitwa na Hujui: Hotuba Kuhusu Chumvi, Kutu na Haki ya Mwenye Gari

Haya ni maneno niliyowaambia Waswahili wenzangu hapa Ohio tulipokutana Jumamosi moja kabla ya theluji kuanza. Wengi waliomba yaandikwe ili wawatumie jamaa zao walioko Kentucky, Iowa na Kanada. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nimeondoa tu maswali yaliyoingia katikati.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, hamjambo. Ninawashukuru walionialika, na ninawashukuru zaidi nyinyi mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza habari za vyuma vya chini ya gari.

Nilipofika nimepita kwenye maegesho nikitazama magari yetu. Ni CR-V, Sonata, Santa Fe, Explorer na Sienna, mengi yana miaka kumi na zaidi. Ndiyo tunayoyamudu, na ni magari mazuri. Lakini baadhi ya matoleo ya magari hayo yamekwisha kuitwa na kampuni zilizoyatengeneza, yapelekwe yakaguliwe na kurekebishwa kwa sababu kutu inakula sehemu zinazoshika magurudumu. Yanarekebishwa bila mwenye gari kutoa hata senti moja. Hii ndiyo rikoli. Na kwa kazi ninayoifanya kila siku chini ya magari, ninajua kwamba wengi wetu barua hiyo haikutufikia, au ilitufikia tukaitupa pamoja na matangazo ya pizza. Nimekuja kuwaomba jambo moja: kila mwenye gari hapa ajue kabla ya kulala leo kama gari lake limeitwa.

Kwanza tuelewane kuhusu chumvi, kwa sababu bila chumvi nisingekuwa na la kusema.

Anayetoka Mombasa, Tanga au Unguja anaijua kutu. Gari linalolala karibu na bahari huota madoa kwenye milango na mudigadi, nawe unayaona ukiwa umesimama. Kutu ya huku inaanzia chini na ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kila majira ya baridi mamilioni ya tani za chumvi humwagwa kwenye barabara za nchi hii. Mmeona ile mistari myeupe barabarani siku moja kabla ya theluji? Hayo ni maji ya chumvi yaliyonyunyizwa mapema ili barafu isishike. Mahali pengine huchanganya kalsiamu kloridi au magnesiamu kloridi, ambazo huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo hubaki mbichi juu ya chuma hata barabara ikiwa imekauka. Chuma kikikutana na maji na hewa kinashika kutu, hilo tunalijua. Chumvi inafanya maji hayo yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ikaenda mbio. Tena kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inavimba, inapasua rangi, na ufa huo unakuwa mlango wa maji mengine.

Kuna jambo huwashangaza watu nikiwaambia. Gari linalolala usiku ndani, mahali penye joto, linaweza kuliwa haraka kuliko linalolala nje kwenye baridi kali. Baridi kali inapunguza mwendo wa kutu. Ukiliingiza ndani, theluji iliyoganda chini inayeyuka, maji ya chumvi yanapenya kila kona, na lile joto linaisukuma kazi mbele. Sisemi mlaze magari nje. Ninasema gari la ndani nalo linataka kuoshwa chini.

Sasa saspensheni. Hiyo ni mikono ya chuma, springi, shokapu, bushi, yaani mipira ya kwenye maungio, na boljointi, yaani maungio ya chuma yanayozunguka, vyote vikifanya kazi ya kushika gurudumu likae mahali pake gari likikata kona, likifunga breki au likipita kwenye shimo. Mlango ukiliwa na kutu gari bado linaendeshwa. Mkono wa saspensheni ukikatika ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, gurudumu linahama, na usukani unaoushika hauna tena cha kuongoza. Tatizo ni kwamba mikono mingi siku hizi haikutengenezwa kwa kipande kizima cha chuma kizito. Ni bati mbili zilizokunjwa zikachomelewa pamoja ili mkono uwe mwepesi, na ndani kuna uwazi. Wameacha matundu ya kutolea maji. Tope likiyaziba, maji ya chumvi yanabaki humo ndani wiki nzima, na chuma kinaliwa kutoka upande ambao hakuna mtu anayeuona.

Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja wa hapa kwetu alileta gari kubadilisha oili. Nikamwuliza kama linagonga mahali. Akasema linagonga mbele kila akivuka reli, ila mzee nyumbani alishamwambia ni shokapu zimechoka, wasubiri marejesho ya kodi. Nikalinyanyua kwenye lifti. Kwa macho kila kitu kilikuwa cheusi na kizima. Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga mkono wa chini wa upande wa dereva, taratibu, kutoka kwenye boljointi nikirudi nyuma. Ulikuwa unalia vizuri, mlio mwembamba wa chuma kizima. Nilipokaribia bushi ya nyuma mlio ukafa. Nikagonga tena palepale, kutu ikabanduka tabaka baada ya tabaka kama kitunguu, na nilipoweka ncha ya bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Bushi ilikuwa imeshikwa na ukingo wa chuma usiozidi upana wa kidole. Huyo mama ndiye anayewapeleka shule watoto wake na wa majirani zake wawili, kupitia barabara kuu, kila asubuhi.

Nikamwita aje aone mwenyewe. Kisha tukaingiza namba ya utambulisho ya gari lake, ile VIN, kwenye simu. Rikoli ilikuwa wazi, yaani haijafanyiwa kazi, kwa mikono yote miwili ya mbele, imekaa hapo miaka. Barua zilikuwa zikienda kwenye anwani ya mtu aliyelimiliki kabla yake. Dila, yaani wakala anayeuza magari ya kampuni hiyo, alibadilisha mikono yote miwili na hakumdai kitu.

Ninawasimulia kisa hiki kwa sababu hakikuwa cha ajabu. Hapa Ohio hakuna sheria inayokutaka upeleke gari dogo kukaguliwa usalama wake kila mwaka. Baadhi ya kaunti za kaskazini, upande wa Cleveland na Akron, hupima moshi tu. Jirani zetu wa Pennsylvania hukaguliwa kila mwaka na mkaguzi hutazama saspensheni. Sisi tunaweza kuendesha miaka kumi bila mtu yeyote kulazimika kuinama chini ya gari. Kwa hiyo rikoli kwetu ina uzito zaidi, maana huenda ikawa ndiyo mara ya pekee mtu anayejua pa kutazama anatazama.

Tuyataje sasa magari yenyewe, kwa yale yaliyotangazwa hadharani.

Machi 2023 Honda iliita CR-V za 2007 hadi 2011, kama 564,000, katika majimbo 22 ya baridi pamoja na Washington DC. Ohio imo. Habari yake ni hivi: gari likikata kona, maji yenye chumvi na tope yanarushwa na kuingia kwenye fremu ya nyuma kupitia matundu ya kutolea maji. Yanakaa humo. Baada ya miaka fremu inaoza pale hasa mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unapofungiwa, na mkono unaweza kuchomoka. Dila analikagua, akikuta chuma bado kina nguvu anaweka kipande cha kuimarisha. Akikuta kimeoza kupita kurekebishwa, Honda inajitolea kulinunua gari lenyewe. Sikieni vizuri hapo. Kuna mtu huenda yumo humu ndani anafikiria kuiuzia skrepa CR-V yake kwa dola mia tatu kwa sababu fundi amemwambia fremu imekwisha. Asiiuze kabla hajapiga simu kwa dila.

Hyundai iliita Sonata za 2006 hadi 2010 na Azera za 2006 hadi 2011 mwaka 2013, kama 239,000, kwa sababu ya fremu ndogo ya nyuma inayoshika mikono ya saspensheni. Ikiliwa, magurudumu ya nyuma yanapoteza mwelekeo wake. Mwaka 2014 wakaita Santa Fe za 2001 hadi 2006, kama 225,000, kwa springi za mbele zinazoweza kuvunjika kwa kutu na kipande chake kikachoma tairi. Mazda iliziita CX-7 mwaka 2016, kama 190,000, matoleo ya 2007 hadi 2012. Hapo shida ilikuwa boljointi ya mbele: maji yanaingia, kutu inaota ndani, na boljointi inaweza kuachana. Ford nayo mwaka 2021 iliita Explorer za 2013 hadi 2017, karibu 775,000 duniani. Kiungo cha nyuma kinachoshika mwelekeo wa gurudumu kinaweza kuvunjika baada ya jointi yake kukamatwa na kutu.

Na wazee mnaokumbuka Windstar, ile van ya Ford iliyobeba familia nyingi zilizofika hapa miaka ya nyuma: Agosti 2010 Ford iliita karibu 575,000 za Marekani na Kanada, za 1998 hadi 2003, kwa sababu ekseli ya nyuma ilikuwa inaliwa na kutu hadi kupasuka. Januari 2011 Windstar zikaitwa tena, safari hii kwa kutu ya fremu ndogo ya mbele. Ninaitaja kwa sababu moja. Gari likishaitwa kwa kutu ya nyuma msidhani limemaliza, linaweza kuitwa tena kwa kutu ya mbele. Kuangalia mara moja hakutoshi.

Sitazimaliza. Zipo nyingine, na kila mwaka zinaongezeka. Ndiyo maana sitaki mtu atoke hapa akisema, "Gari langu halikutajwa, niko salama."

Nguvu ya rikoli inatoka kwenye sheria ya usalama wa magari ya 1966 iliyosainiwa na Rais Lyndon Johnson, na marekebisho ya 1974 ndiyo yaliyomlazimisha mtengenezaji arekebishe kasoro bila malipo. Kampuni ikishaamua kuna kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuiarifu NHTSA, ambayo ni mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari. Kisha ndani ya siku 60 inatakiwa iwaandikie wenye magari. Inaweza kurekebisha, kubadilisha, au kurudisha fedha ikikata uchakavu. Na sheria inamsema mwenye gari. Haiulizi kama wewe ni wa kwanza au wa tano, haiulizi ulilinunua kwa nani wala kwa bei gani. Dila yeyote aliyeidhinishwa na kampuni ya gari lako analifanyia, hata kama gari ulilinunua kwenye uwanja wa Facebook kutoka kwa mtu usiyemjua jina.

Hayo ni mazuri, na ninayaheshimu. Lakini nitawaambia pia pale ninapoona sheria hii imetuacha nje, sisi watu wa magari ya mkono wa tatu.

Tatizo la kwanza ni miaka 15. Kampuni inalazimika kurekebisha bure kama gari halijapita miaka 15 tangu liliponunuliwa na mtu wa kwanza hadi siku taarifa ya rikoli inapotolewa. Zamani ilikuwa 10, sheria iliyopitishwa Desemba 2015 ikaongeza. Kwa breki ya umeme au mfuko wa hewa, miaka 15 ni mingi. Kwa kutu ni michache. Kutu haijitokezi mwaka wa tatu. Tazameni zile CR-V: ziliitwa zikiwa na miaka kati ya 12 na 16. Kasoro imejificha muda wote gari likiwa la mtu mwenye kipato, inajionyesha likishashuka bei na kufika kwetu, na kufikia hapo saa ya sheria iko ukingoni. Mimi ninaona kasoro ya kutu ingepewa hesabu yake peke yake. Ila lishikeni hili vizuri maana watu hulichanganya: miaka hiyo inahesabiwa mpaka siku ya taarifa. Kama gari lako liliitwa likiwa na miaka 13 na leo lina miaka 18, haki yako bado ipo. Mtu wa mapokezi akikwambia gari ni la zamani mno, mwombe kwa adabu aingize namba ya gari kwenye mfumo wao, usiondoke kabla hajafanya hivyo.

Jambo la pili ni mipaka ya majimbo. Rikoli nyingi za kutu zinahusu magari yaliyouzwa au kusajiliwa kwenye majimbo ya chumvi tu. Wenzetu tunahama sana. Mtu anafikia Texas, ananunua gari huko, ndugu zake wanamwita Columbus, anakuja nalo. Kwenye karatasi gari lile lilikuwa la Texas siku orodha ilipoandikwa. Tangu hapo limekula chumvi miaka sita. Kama ni wewe, usitegemee tovuti peke yake. Piga simu kwa kampuni, waambie gari sasa limesajiliwa Ohio, uliza kama wanalihesabu.

La tatu linaniuma zaidi. Dila haruhusiwi kuuza gari jipya lenye rikoli ambayo haijafanyiwa kazi. Kampuni za kukodisha zenye magari zaidi ya 35 nazo haziruhusiwi kukodisha gari la namna hiyo tangu Juni 2016. Sheria hiyo ilipatikana baada ya mama mmoja kupigana miaka mingi, mabinti zake wawili walipokufa mwaka 2004 huko California ndani ya gari la kukodi lililokuwa limeshaitwa na halijarekebishwa. Lakini anayeuza gari lililotumika, hakuna sheria ya serikali kuu inayomzuia kukuuzia likiwa na rikoli wazi. Anayelindwa ni anayenunua jipya na anayekodi kwa wiki moja. Anayenunua gari la dola elfu nne ili aende kazi ya usiku kwenye ghala ameachwa ajilinde mwenyewe. Mkikutana na wawakilishi wenu wakati wa kampeni, hili ni la kuwauliza.

Haya, tufanye kazi. Kila gari la soko la Marekani na Kanada tangu 1981 lina namba ya VIN yenye herufi na tarakimu 17. Iko kwenye dashibodi upande wa dereva, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo cha mbele, na iko kwenye kibandiko unapofungua mlango wa dereva. Iko pia kwenye karatasi ya bima. Haina herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kama O ni sifuri. Ingiza kwenye nhtsa.gov/recalls. Itakuonyesha rikoli ambazo hazijafanyiwa kazi kwenye gari lako hilo hasa. Asiyependa mtandao apige 888-327-4236. Ipo pia programu ya simu inaitwa SaferCar, unaweka VIN mara moja na rikoli mpya ikitoka inakuarifu. Vijana, wawekeeni wazazi wenu.

Tovuti hiyo ina mipaka yake. Rikoli iliyotangazwa juzi inaweza isionekane kwa sababu kampuni bado inakusanya namba, kwa hiyo rudini kuangalia, walau kabla ya baridi na baada ya baridi. Na haionyeshi misaada ambayo si rikoli. Toyota, kwa mfano, mwaka 2008 iliongeza dhamana ya fremu kwa Tacoma za 1995 hadi 2000 mpaka miaka 15, na zilizooza kabisa ikazinunua kwa mara moja na nusu ya bei ya soko. Baadaye, mwaka 2016, ikakubali mapatano ya kesi yaliyohusu kama magari milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, yenye thamani ya hadi dola bilioni 3.4. Mwenye gari aliyetazama orodha ya rikoli peke yake asingeyakuta yote hayo. Kwa hiyo ukimpigia dila, uliza maswali mawili: kuna rikoli wazi? Na kuna dhamana iliyoongezwa au huduma yoyote ya kampuni kwa ajili ya kutu?

Kuhusu barua. Bahasha ya rikoli ya kweli inatakiwa iwe na lebo inayosema kwa Kiingereza kwamba ndani kuna taarifa muhimu ya usalama, na nembo mbili, ya Wizara ya Uchukuzi na ya NHTSA. Ndani kuna namba ya VIN ya gari lako na haitakuomba pesa wala kadi ya benki. Zile barua na simu za "dhamana ya gari lako inakwisha" ni biashara nyingine kabisa, mara nyingi ni wizi. Na ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye usajili wa gari haraka, kwa sababu kampuni hutumia anwani za usajili kukutafuta.

Kama uliwahi kulipa kutoka mfukoni kitu ambacho baadaye kikaitwa, tafuta risiti. Kampuni nyingi zina utaratibu wa kurudisha fedha hizo na barua ya rikoli inaueleza. Na kama gari lako limeoza mahali pa hatari na hakuna rikoli, peleka malalamiko NHTSA. Ni bure, na wao wakiona malalamiko yanafanana kutoka kwa watu wengi huanzisha uchunguzi. Sisi hatulalamiki. Tunanunua mkono mwingine mtandaoni, tunaufunga, tunanyamaza, na kwenye hesabu zao gari letu ni zima.

Maneno machache ya fundi. Mkienda kununua gari, msivutiwe na chini iliyopakwa rangi nyeusi mpya. Gari la miaka 12 la Ohio ambalo chini yake inang'aa kama jipya, mwulize muuzaji amefunika nini. Dawa nzito ya kuzuia kutu inayoganda kama mpira ikipakwa juu ya kutu inafungia maji ndani. Ninapendelea ile ya mafuta mafuta inayopenya, ipakwe kila mwaka kabla ya baridi. Na fundi asizibe matundu ya kutolea maji, hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi. Osheni chini ya gari siku zile za baridi joto linapopanda juu ya kuganda, na muoshe tena vizuri sana chumvi ikiisha mwezi wa nne. Gari likianza kugonga, kuvuta upande mmoja, kulala upande, au tairi likilika ukingo mmoja, msisubiri marejesho ya kodi.

Wazee wa Goma, Bukavu na Bujumbura, nimesikia mkinong'ona habari za makontena. Gari la huku linakwenda kwenu kwa sababu mnaendesha upande wa kulia wa barabara, kama huku. Tafadhali, rikoli ifanyike kabla halijapakiwa. Likishavuka bahari, sheria ya Marekani haina mkono Goma, na barabara za kule zitamaliza kile chumvi ilichoanza. Kwa jamaa zenu wa Mombasa na Dar es Salaam wanaoagiza Japani au Uingereza, tovuti ya Marekani haitawafaa. Gari la Japani lina namba fupi ya chesi, huangaliwa kwenye mfumo wa kampuni kule Japani. La Uingereza, mwambieni aombe namba ya usajili ya kule kabla ya kulipa. Kwa namba hiyo anaweza kusoma bure kwenye tovuti ya serikali yao matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka, na wakaguzi wa kule huandika waziwazi springi au fremu ikiwa na kutu. Nao humwaga chumvi kama huku.

Nimemaliza upande wangu. Pale mezani kuna vijana watatu wenye kompyuta, pelekeni kadi za bima, wanaingiza VIN na kuwaandikia kwenye karatasi cha kumwambia dila kwa Kiingereza. Wenye magari yanayogonga, msiondoke. Nina lifti ndogo ya kubeba kwenye pikapu yangu, na kuna mwanga wa kutosha kwa saa mbili hivi. Tuanze na CR-V.